Zamu ya Ghorofa ya Tatu

Chakula cha Jumapili kilikuwa kimeisha, watu wameshuka kwenda kujinyoosha, na pale juu ya paa vilibaki vitu viwili tu: Bakili na vyombo. Vyombo vilikuwa vingi zaidi.

Alivitazama kama mtu anavyoitazama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Sahani ishirini na tatu. Sufuria la wali, ukoko umeshika chini kama lami. Sufuria la mchuzi wa samaki. Sufuria la maharage. Na pembeni, juu ya kigoda chake, peke yake kama bibi harusi, sufuria la shaba la Mama Urvish, ambalo ndani yake hakijawahi kuingia kitu chenye macho.

Zamu ilikuwa ya ghorofa ya tatu, mlango wa kulia, maana yake Bakili, mkewe Sabaha na mama yake, Bi Moza. Siku zote huosha Sabaha. Lakini Ijumaa, kule Feri anakokaanga samaki, karai lilimtemea mafuta mkono wa kulia, kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko, na sasa mkono umefungwa bandeji nyeupe ameubeba kifuani kama mtoto mchanga.

"Leo naosha mimi," Bakili alikuwa amesema mbele ya watu wote, kinywani bado kuna wali.

Kusema kulikuwa rahisi. Bryson, fundi simu wa ghorofa ya kwanza, aliacha kutafuna.

"Kumbe ghorofa ya tatu tuna wifi mpya," alisema. "Wifi, nikuletee kanga ya kujifunga, au unazo za kwako?"

Watu wakacheka. Bakili naye akacheka, kidogo.

"Nitapanda baadaye na simu," Bryson aliendelea. "Nikupige picha umeinamia beseni, niiweke kwenye grupu la jengo. Mke wangu ataiprinti."

Mambo haya ya kula pamoja, pale Mchafukoge, yalianzia kwenye maji. Tangi la juu ni moja, milango ni minane. Wakagundua kwamba Jumapili wakipika mara moja na kuosha mara moja, Jumatatu asubuhi yanabaki maji ya kunawa uso. Kwa hiyo sheria zilikuwa za maji kabla hazijawa za chakula. Ndoo tatu, basi. Anayeosha awe mtu wa mlango wenye zamu, asiwe wa kulipwa, maana wa kulipwa hana uchungu na tangi. Na sufuria la Mama Urvish linaoshwa kwanza, kwa maji ya kwanza, kwa dodoki la njano linaloning'inia peke yake msumarini. Mama yule hali nyama, hali samaki, hali yai, tangu azaliwe. Stilwaya iliyogusa samaki haigusi shaba yake. Hata watoto wa jengo wanaijua hiyo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Mlango unaoharibu zamu unapumzishwa, hauli juu.

Kwa wengine kupumzishwa ni aibu tu. Kwa Bakili ilikuwa ni mama yake. Bi Moza aliletwa kutoka Kilwa baada ya kufiwa na mumewe, na tangu afike alikuwa hali. Chumbani angemega tonge mbili, akaisukuma sahani na kusema ameshiba. Hamsini na mbili ni miaka aliyokula kwenye sinia moja na watu, sasa anawekewa sahani yake mwenyewe kama mgonjwa wa wodini. Ila juu ya paa, akikaa ubavuni kwa Mama Urvish, wakianza kubishana kama mchicha unatiwa nazi au hautiwi, sahani huisha bila yeye kujua. Hamu ile ya Jumapili humsukuma mpaka Jumatano. Kuanzia Alhamisi anaishi kwa chai.

Bakili alichungulia ngazi. Sauti ya Bryson ilikuwa inapanda, anacheka na mtu. Akachukua magunia mawili, akapanga vyombo ndani yake, akashuka navyo kwa ngazi za nyuma.

*

Nyuma ya jengo, kichochoroni, Siti huosha vyombo vya mama lishe. Alikuwa ameinama kwenye beseni lake tangu alfajiri.

"Dada Siti, nina vyombo."

"Vya shughuli?"

"Vya Jumapili tu."

"Mkeo yuko wapi?"

"Mgonjwa."

"Na wewe?"

Bakili alitafuta ugonjwa haraka haraka, hakuupata. "Mimi nimechoka," alisema.

Haukuwa uongo. Wiki nzima husimama duka la vitambaa Kariakoo, anapima mita za watu wanaopima bei ya duka la jirani, na jioni miguu yake hujaa kama maandazi. Siti alimtazama miguu, akamtazama mikono, akavuta gunia la kwanza.

Habari ya dodoki la njano alikusudia kumwambia. Lakini dodoki lenyewe alikuwa amelisahau juu, msumarini, na kati yake na msumari kulikuwa na ghorofa nne.

"Hilo la shaba lianze," alisema.

"Sawa," alijibu Siti, na kwa mkono huohuo akalizamisha beseni moja na sufuria la samaki.

Bakili aliona. Akajiambia kwamba maji ni maji na sabuni ni sabuni. Akakaa kwenye kreti la soda, mgongo ukutani, usingizi ukambeba. Alipozinduka vyombo vilikuwa vimepangwa, vinang'aa mpaka vinaumiza macho.

*

Sifa zilianza jioni ileile.

Mama Urvish alilinyanyua sufuria lake dhidi ya mwanga wa dirisha la ngazi, akaligeuza. "Bakili," alisema, "marehemu Ravindra alikuwa mume mzuri, lakini hajawahi kuling'arisha hivi."

"Kawaida tu, mama."

"Siyo kawaida. Miaka arobaini naliangalia."

Evarista, fundi cherehani wa ghorofa ya pili, ambaye ndiye mwenye karatasi ya zamu na ndiye mwenye mdomo wa jengo, aliandika kando ya jina lao "safi sana" na kupiga mstari chini yake. Kwenye karatasi ile hajawahi kupigiwa mtu mstari. Jumanne Bryson alimsimamisha ngazini, uso ameukunja.

"Umeniharibia nyumba, wewe," alisema. "Wangu kaanza kunitolea mfano. Mtazame Bakili, mtazame Bakili. Nimekutazama, sioni kitu."

Chumbani Sabaha alimmiminia chai kwa mkono wa kushoto, ikamwagika nusu kwenye kisosi. "Sikujua unaweza," alisema. Alisema taratibu, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Bakili hakuwa amekiona tangu mwaka wa harusi. Angemwambia palepale. Lakini chai ilikuwa ya moto, akaanza kuipuliza, akaipuliza mpaka nafasi ikapita.

*

Jumapili iliyofuata Mama Urvish alipika dengu kwenye sufuria lake la shaba. Walikula. Bi Moza alikuwa anamweleza kwamba dengu bila tui ni dawa ya kikohozi, na Mama Urvish alikuwa anamwambia basi akohoe. Alimega kipande cha mwisho cha chapati, akakipitisha kwenye mkunjo wa mdomo wa sufuria, pale dengu nzito inapojificha, akakileta karibu na macho.

Hakukila. Alikiweka kwenye kiganja, akachambua kwa ukucha.

"Evarista," aliita. "Wewe una miwani. Hiki nini?"

Evarista alishusha miwani puani. Alichukua muda. "Gamba," alisema. "Gamba la samaki, mama."

Kama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Mama Urvish aliinuka, akaenda kwenye bomba la tangi, akasukutua. Akatema, akasukutua tena. Na tena. Maji yalikwenda kama mvua na hakuna aliyethubutu kutaja ndoo tatu. Aliporudi mtandio wake ulikuwa umelowa kifuani.

"Miaka sabini na moja," alisema, na kukaa. "Mtoto wangu ananipigia kila wiki kutoka huko aliko. Mama hama, mama utakula nini na watu hao. Namwambia hawa ni watu wangu, wanajua." Alilifunika sufuria kwa kifuniko chake. "Wanajua, namwambia."

Bi Moza alimgusa goti. Mama Urvish hakulisogeza, lakini hakumtazama.

Evarista alivua miwani. "Wiki iliyopita zamu ilikuwa ghorofa ya tatu," alisema. "Sabaha, mwenzangu, ulishika lile sufuria?"

"Aliosha mume wangu."

"Tuko watu wazima hapa. Mwanaume gani anaosha vile? Ulimsaidia, si vibaya, mume ni wako. Lakini mikono ya Feri inatembea na magamba mpaka kwenye kucha. Ndiyo maana dodoki likawekwa."

Sabaha alimgeukia Bakili. Hakuwa na wasiwasi. Alimgeukia kama mtu anayemsubiri mwenzake ataje jina la mtaa waliokwenda wote.

Bakili alifungua mdomo. Alimwona Bryson, kijiko hewani, anasubiri. Aliona ile "safi sana" yenye mstari. Akaufunga.

Sekunde chache tu zilipita. Zilimtosha Sabaha kuanza kujitilia shaka mwenyewe.

"Nililipokea mlangoni," alisema, akihesabu kichwani. "Nikalipeleka kwa mama kwa mkono wa kushoto. Labda ni hapo. Nilikuwa nimetoka Feri kuchukua karai." Alipiga goti moja sakafuni, mkono wa bandeji ameubana kifuani. "Nisamehe, mama. Sikukusudia."

"Mlango wenu upumzike," alisema Evarista. "Jumapili nne."

"Na mama?" Bakili aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza tangu gamba lionekane.

"Mama ni wa mlango gani?"

*

Jumapili ya kwanza Sabaha alipika wali na kisamvu, akaweka kwenye sinia ili ifanane na kule Kilwa. Watu watatu kwenye sinia la watu nane. Dari lilikuwa linaongea, vijiko, viti vinavutwa, kicheko cha Bryson.

"Wamepika nini?" aliuliza Bi Moza.

"Hatujui, mama. Kula."

Alimega tonge, akaizungusha vidoleni mpaka ikawa gololi. "Nimeshiba," alisema.

Jumatano alikunywa chai. Alhamisi chai hakuimaliza. Jumamosi Sabaha alimvisha gauni la maua, likateleza begani, akalibana kwa pini. Bakili alikuwa mlangoni, akaiona ile pini inavyoingia kwenye kitambaa kilichozidi. Yeye ni mtu wa kupima kwa macho. Nusu mita, alijisemea.

Jumapili ya pili asubuhi alimkuta mkewe uani, ameinamia kikopo. Alikuwa na ndimu na mswaki wa zamani, anasugua kucha. Bandeji alikuwa ameifungua. Ngozi mpya ya mkono, ya waridi, nyembamba kama ya kitunguu, ilikuwa imechubuka.

"Unafanya nini?"

"Natoa magamba."

"Hamna magamba, Sabaha."

"Siyaoni, lakini yapo. Jana kwenye ngazi Evarista alihama upande." Aliendelea kusugua. "Wiki mbili nasugua asubuhi na jioni. Nataka nikirudi pale juu niwanyooshee mikono wote wainuse."

Bakili alikaa chini, kwenye saruji yenye maji, suruali ya kwendea mjini.

"Vyombo aliosha Siti," alisema.

Mswaki ulisimama.

"Siti wa kichochoroni. Nilishuka navyo kwenye gunia. Sufuria la shaba alilichanganya beseni moja na la samaki, na mimi nilikuwepo, niliona. Halafu nikalala."

Sabaha aliuweka mswaki kwenye kikopo. Aliokota kipande cha ndimu, akakitazama, akakitupa.

"Kwa hiyo pale nilipopiga goti," alisema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa ajili ya nini, Bakili? Bryson?"

Sabaha alipoliweka jambo hivyo, lilikuwa dogo sana, mtu angeona haya kulibeba. Bakili aliitikia kwa kichwa.

"Basi," alisema Sabaha. Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, na hicho ndicho kilichomtisha. Alianza kufunga bandeji kwa meno na mkono mmoja, na Bakili aliponyoosha mkono kumsaidia, aligeuka upande mwingine. "Saa saba wanaanza kula. Panda ukaseme. Usiwaite mmoja mmoja pembeni. Mimi niliongea mbele ya wote."

"Utakuja?"

"Nimechoka na watu leo. Hata wewe ni watu."

*

Alipotokea kwenye mlango wa paa, mazungumzo yalikatika. Sahani zilikuwa zimejaa. Kando ya tangi, masufuria ya kupikia, yaliyokwisha kupakuliwa, yalikuwa yanasubiri mwenye zamu. Sufuria la shaba halikuwepo.

"Jumapili mbili bado," alisema Evarista bila kunyanyua uso.

"Shikamoo, Mama Urvish."

"Marahaba."

Alikuwa amejipangia maneno ngazi nzima, yenye mwanzo na kati. Yote yalimwishia. "Siyo Sabaha," alisema. "Hata mimi sikuosha. Nilimpelekea Siti, kichochoroni. Sikumpa dodoki. Niliona anachanganya, nikanyamaza. Mliponisifu nikanyamaza. Mke wangu alipopiga goti nikanyamaza."

Bryson aliinamia sahani yake. Watu walimsubiri aseme kitu, ndiyo kazi yake, hakusema.

"Zile sifa zote," alisema Evarista polepole, "na wino wangu." Alitoa karatasi kwenye mfuko wa gauni, akaitazama, akairudisha. Halafu akainuka, akachukua sahani yake mwenyewe ambayo hakuwa ameigusa, akaifunika kwa nyingine. "Mimi nashuka kwa Sabaha. Nilimsemea mikono. Hilo ni langu."

Alipita. Mama Urvish alikuwa bado anamtazama Bakili, hapepesi.

"Kosa la dodoki mtu anakosea," alisema. "Umechoka, umesahau, mimi nimezeeka, najua kusahau. Lile sufuria nililoletewa na mama mkwe sitalipikia tena. Nimelitia udongo, liwe la kupandia maua. Hilo nimelimaliza. Lakini binti yule alipiga goti mbele yangu na mimi nikakaa hapa kama hakimu, nikamwacha sakafuni. Umenifanya mimi nimfanyie hivyo. Hilo sijui nilitie wapi."

Mama Urvish alivuta mtandio wake begani.

"Kamlete mama yako. Amekonda?"

"Amekonda."

"Kamlete. Na ukirudi, masufuria yale pale. Zamu ya leo ni ya Bryson, Bryson atapumzika, atatazama. Utakula ukimaliza."

Alimpandisha Bi Moza kwa ngazi moja moja, wakipumzika kila baada ya ngazi chache. Mama Urvish alimsogezea kiti, akamuuliza mbona amechelewa, kama vile walikuwa wameahidiana saa. Akampakulia. Bakili akakunja mikono ya shati, akaenda kwenye tangi, akajaza ndoo ya kwanza.

Lilikuwa jua la saa nane. Ukoko haukutaka kutoka. Aliinama, mgongo ukalia, povu likamfika viwikoni, na hakuna aliyemcheka, jambo lililokuwa zito kuliko kuchekwa. Nyuma yake alisikia vijiko. Kisha akasikia sauti ya mama yake.

"Yule mbona hali?"

"Atakula akimaliza," alijibu Mama Urvish. "Wewe kula. Leo nimetia nazi, usije ukasema."

"Akimaliza watu watakuwa wameondoka."

"Ndiyo."

"Atakula peke yake."

"Ndiyo, Moza. Ndivyo tulivyoamua."

Bi Moza alifikiri. Kisha ukasikika mlio mdogo, wa sahani ikisukumwa juu ya meza. Bakili aliujua mlio ule, wiki mbili alikuwa amelala nao. Aligeuka. Mama yake alikuwa amekunja mikono mapajani. Hakuwa amenuna. Alikuwa ametulia tu, kama mtu aliyefika mapema mahali.

"Namsubiri," alisema.

"Yapo masufuria matatu, na sahani zote hizi. Itapoa."

"Ipoe."

Mama Urvish alimtazama Bi Moza, akaitazama pini kwenye bega la gauni lake, akayatazama masufuria. Alisema neno fupi kwa Kigujarati ambalo hakulifasiri. Akajiinua kwa kushika meza, goti moja kisha la pili, akachukua kitambaa kikavu kwenye kamba, akaja kusimama kando ya Bakili. Alikuwa anahema.

"Sikusaidii wewe," alisema, macho mbele. "Namsaidia yule ale."

"Najua, mama."

"Usiongee. Osha."

Aliosha. Alimpa sahani ya kwanza, inachuruzika maji. Mama Urvish aliigeuza huku, akaigeuza huku, akainusa, akaanza kuifuta.